Gofre za Yaya Perpétue Zisizo na Sukari

Jumatatu, 7 Oktoba 2013

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Siku mbaya. Yaya Perpétue ametundika chuma chake cha gofre ukutani, karibu na picha ya Bikira Maria. Kama kitu cha marehemu.

Niandike vizuri, ili siku moja watu wajue nilipoanzia. Yaya ni dada yangu mkubwa. Mama alipokufa kule Uvira, yeye ndiye aliyenilea. Vita vilipoingia mwaka 1996 alikimbia na vitu viwili tu: mimi mkono wa kushoto, chuma mkono wa kulia. Watu walimwambia atupe kimoja. Mara nyingine, akikasirika, hunitazama kama mtu anayefikiri kwamba alichagua vibaya, lakini kweli hakutupa chochote. Wanawake wa namna hiyo hawapo wengi.

Chuma chenyewe ni sahani mbili nzito zenye miraba, zimeunganishwa kwa bawaba, na mikono mirefu ya kushikia juu ya makaa. Unamimina uji wa unga, mayai na sukari, unafunga, unageuza, unafungua. Gofre! Kila Jumapili baada ya misa watu wa Juru walipanga foleni mlangoni kwetu. Na wakati wanasubiri walichaji simu kwenye meza yangu ya sola. Bila gofre hakuna foleni. Bila foleni mimi ni mtu aliyekaa kando ya betri.

Majuzi Yaya alianguka kanisani katikati ya wimbo wa mavuno. Kliniki wakapima: sukari. Nesi amemkataza sukari, mkate, ndizi, mihogo, na ugali ule wa kujaza sahani. Yaya alisikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani, akaosha chuma na kukitundika. Alisema mpishi asiyeweza kuonja chakula chake ni mwongo. Tangu siku hiyo haimbi. Anakula maharage na mboga za lengalenga peke yake, uso umeelekea mlangoni.

Siwezi kuvumilia. Nina mpango: gofre isiyo na sukari na isiyo na unga.

Wenye wivu watakumbusha mipango yangu ya zamani. Mpango wa sungura haukushindwa, sungura walitoroka. Mpango wa sabuni ulifaulu, ila ngozi za watu wa hapa ni laini mno.

Jumanne, 8 Oktoba

Asali! Nilifikiri hivi: nesi amekataza sukari. Asali inatoka kwenye maua. Maua ni majani. Na majani nesi mwenyewe amesema Yaya ale kwa wingi.

Nilipeleka chupa kliniki ili nipate idhini rasmi kabla ya kumshangaza Yaya. Nesi ni mama wa Kinyankole, anasema Kiswahili chao cha Uganda, hakizunguki. Alitazama chupa, akanitazama mimi.

"Asali ni sukari. Wewe nataka kuua dada yako?"

Mbele ya foleni nzima. Nikauliza basi je, unga wa muhogo badala ya ngano. Akasema ni yale yale, vyote ni wanga, na wanga tumboni unageuka sukari. Nikauliza nini kimebaki. Akahesabu kwa vidole: mayai, samaki, nyama, maziwa ya kiasi, karanga kidogo, mboga. Nikamwuliza kama gofre ya samaki inawezekana. Akamwita mgonjwa anayefuata.

Asali nimeila mwenyewe njiani ili isiharibike.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya uhuru wa Uganda. Ngoma na hotuba uwanjani. Nikakaa kivulini karibu na Papa Sebagabo.

Huyu Sebagabo ni mfugaji, Munyamulenge wa milima ya kwetu Kivu. Mjane. Mrefu, kofia pana, fimbo, maneno machache. Ng'ombe wake wanalisha nyuma ya Juru. Yeye ni Mprotestanti na kanisa lake liko upande mwingine kabisa, lakini kila Jumapili alikuwa anapita mlangoni kwetu kununua gofre moja. Moja tu. Anazunguka njia yote ile kwa gofre moja! Watu wengine hawana hesabu ya muda.

Aliuliza habari za Yaya. Nikamweleza yote, hadi chuma ukutani. Kisha akatoa mfukoni kipande cha jibini, fromaji kama tunavyosema sisi, akakata kwa kisu, akanipa. Akasema kwao milimani mama yake alikuwa akiiweka jibini juu ya jiwe la moto, inakauka na kuwa ngumu kama mkate wa kuchoma.

Hapo hapo mimi nikapata wazo: jibini! Jibini na mayai, ndani ya chuma! Sijui mawazo haya yananitokea wapi.

Niliiomba kwa ujanja. Nikamwambia nyumbani tuna panya wakubwa na nahitaji jibini ya mtego. Akauliza panya wangapi. Nikasema wengi sana. Akanipeleka kwake, akanipa jibini nzima, duara kama gurudumu la toroli. Mtu rahisi kudanganywa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Yaya alikwenda kwenye sala za akina mama. Nikashusha chuma. Nikawasha babula, jiko letu la makaa, nje. Nikakata jibini vipande kama vya sabuni, nikavunja mayai juu yake, nikafunga.

Nikafungua nione. Bado. Nikafunga. Nikafungua. Bado. Nikafunga. Jibini ikaanza kuvuja pembeni, ikadondoka kwenye makaa, moto ukaruka juu. Kuku wakakimbia. Jirani yetu Nyiramana akaja mbio na dumu la maji akidhani nyumba inaungua, akanimwagia mimi kwanza.

Moto ulizimika. Chuma hakikufunguka. Jibini ilikuwa imegeuka simenti. Nikavuta, nikapiga, nikachukua nondo, nikaiingiza kati ya sahani, nikaikalia.

Bawaba ilivunjika. Ililia kama kitu kilicho hai.

Nimekwangua sahani zote mbili, nimezifunga kwa waya, nimezirudisha ukutani. Ukisimama mlangoni huoni kitu. Isipokuwa upepo ukivuma.

Chuma hiki kimevuka ziwa, kimevuka mipaka, kimelala porini, hakijawahi kupata hata ufa. Kimenisubiri mimi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mbarara. Nilimwambia Yaya naenda kutafuta betri. Ukutani nimetundika kikaango na kukifunika kitambaa. Chuma nimekiweka chini ya koti, nikapata nafasi kwenye lori la maharage. Dereva aliniuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo.

Nilimpata fundi wa kuchomelea karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Anaitwa Musoni, amekulia kambini, Kiswahili chake ni cha amri. Nikamweleza taratibu: hizi sahani mbili zilikuwa kitu kimoja, zifunge pamoja, zishikamane vizuri, zisiachane tena. Akasema sawa. Nikaenda kula.

Niliporudi alikuwa amechomelea pande zote. Kuzunguka chuma kizima. Kazi safi, laini, hata unywele haupiti. Nikamwuliza gofre itaingilia wapi. Akauliza gofre ni nini. Alidhani ni jiwe la mizani.

"Uliniambia funga. Mimi nafunga."

Kwa kweli siwezi kusema alikosea. Sijaona mshono mzuri namna ile maisha yangu yote, na nilimwambia hivyo. Labda ndiyo maana alikubali kukikata tena bila kelele. Bawaba ya aina yake hakuwa nayo. Ameweka ya mlango. Sasa chuma cha Yaya kinafunguka kwa ubavu kama geti, na kinalia kama geti.

Nalala kwa rafiki wa kanisani hapa mjini. Nimeandaa hotuba ya kujitetea. Imekaa vizuri, ina sehemu ya kulia.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimefika nyumbani mchana. Papa Sebagabo yuko kwenye kiti changu, kofia juu ya goti. Na Yaya anacheka.

Wanajua kila kitu. Nyiramana alimwambia Yaya tangu Ijumaa. Kikaango kilianguka jana katikati ya rozari. Na Sebagabo alikuja kuuliza hali ya panya.

Niliweka chuma mezani. Yaya akakifungua. Kikalia. Akakifunga, kikalia tena. Akacheka hadi akashika meza, na Sebagabo, ambaye sijawahi kuona meno yake, akacheka pia. Hotuba yangu hakuna aliyeihitaji.

Kisha Yaya akafunga kitambaa kichwani na kuomba jibini iliyobaki. Hapa niandike polepole, maana nilichokiona ni kazi.

Hakukata vipande. Alichukua kopo, akalitoboa kwa msumari kulizunguka, na kwa upande mkali akakuna jibini mpaka ikawa kama machicha. Akapiga mayai, akachanganya, akaongeza karanga zilizotwangwa, kidogo tu, kiasi cha kushika. Akaacha bakuli litulie. Akaweka chuma kitupu juu ya makaa na kukisubiri. Akadondosha tone la maji: likakaa. Akasubiri. Akadondosha lingine: likacheza na kupotea. Ndipo akapaka samli, akamimina, akafunga.

Mimi nikanyoosha mkono kufungua nione. Alinipiga kwenye vidole bila hata kugeuka.

Alikuwa anatazama mvuke. Mvuke ulitoka mwingi, ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Akafungua. Chuma kikalia, na gofre ikaanguka sahanini peke yake, rangi ya dhahabu, miraba yote imesimama.

Akaivunja, akatugawia. Nje inavunjika kama biskuti, ndani laini, chumvi ya jibini na harufu ya karanga. Haina utamu na huutafuti. Yaya alitafuna macho yamefumba. Na alipokuwa anaosha chuma, aliimba.

Naandika hapa kwa ajili ya historia: mvumbuzi ni mimi. Sebagabo hakubisha.

Jumatano, 16 Oktoba

Yaya alikula gofre mbili, akaenda kupimwa. Nesi alikuta sukari haijapanda, akapima mara ya pili akidhani mashine ina kasoro. Akasema aendelee hivyo hivyo, kwa kiasi, na asiache vidonge wala kutembea. Kisha akaomba aonyeshwe inavyopikwa. Niliinua mkono kueleza. Akasema amwulize dada.

Jambo moja linanisumbua. Sebagabo anakuja na jibini kila siku. Kipande kidogo, kila siku. Kwa nini asilete duara zima mara moja, akapumzisha miguu? Anakaa, anatazama Yaya akipika, hasemi kitu.

Nimelielewa. Anataka kutuibia mapishi. Atafungua duka Mbarara, na mimi, mvumbuzi, nitabaki na betri.

Nimemwonya Yaya. Akasema atamwangalia kwa makini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeanza hatua za kumfukuza bila yeye kujua. Nilimsindikiza njiani, nikamwambia kwa huruma kwamba Yaya ni mkali. Kwamba anagomba, anaimba tangu alfajiri, anaamsha watu kusali, hawezi kuona mtu amekaa bure. Sebagabo alisimama akafikiri. Akasema nyumba yake imekuwa kimya tangu mkewe afariki, na kimya kikizidi kinachosha.

Nikarudi kwa Yaya. Nikamwambia nasikitika kusema hivi, lakini yule mzee ananuka ng'ombe. Yaya akasema yeye mwenyewe ananuka makaa. Akaenda kubadili kitambaa cha kichwani.

Wote wawili wanaonekana kufurahia habari ninazowapelekea. Mbinu ni nzuri, matokeo ndiyo yanachelewa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mgeni! Mama Georgette, kiongozi wa akina mama wa kanisa kule Nyamitanga, Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi. Habari zimemfikia kupitia nesi. Jumamosi wana mkutano mkubwa, na kati yao wengi wana sukari. Wakati wa chai, wenzao wakila keki, wao hukaa na vikombe vitupu kama watoto waliotiwa adabu. Alimwomba Yaya awapelekee gofre.

Yaya aliuliza swali moja tu, kama patakuwa na makaa. Kisha akamwambia atakuja.

Mimi nilikuwa nimeshaona mbali. Nyamitanga! Nyumba za matofali, akina mama wenye mikoba. Wakipenda, jina letu litavuka mto. Wasipopenda, kwisha. Na nitasema ukweli ambao wengine wanaogopa: gofre isiyo na sukari, mtu wa mjini hataipenda mara ya kwanza. Lazima asaidiwe.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Yaya alikuna jibini yote leo mchana. Yote aliyoleta Sebagabo, bakuli kubwa lililojaa. Alikuwa akioka za kwanza hapa nyumbani, nyingine azioke kule kule. Alipokwenda kuchota maji nilitia sukari. Si nyingi. Kiasi cha kuwasaidia wale wa mjini. Nikakoroga mpaka haionekani.

Alimimina. Akafunga. Mvuke haujakatika, pua yake ikainuka. Akafungua kabla ya wakati, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Kingo zilikuwa nyeusi. Sukari inawahi kuungua. Mimi nilikuwa sijui hilo.

Aliniuliza kama nimetia kitu. Nikasema hapana. Akavunja kipande na kukipeleka mdomoni, na kabla hakijafika nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema asile.

Akaweka kipande chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kigoda, akanigeukia kwa Kiswahili cha kwetu Uvira.

"Nestor, miye niko nataka kuishi. Na bale bamama pia. Weye uko unataka nini?"

Mimi, mtu wa majibu, nikaanza kupanga makaa.

Akanitaka niahidi kwamba sitatia sukari ndani ya gofre yake tena, kamwe. Nikaahidi. Alimwaga bakuli lote shimoni na kulifukia. Jibini yote. Kesho ni Nyamitanga na hatuna hata kipande.

Sebagabo alikuwa amesimama mlangoni. Aliona, hakuuliza. Akageuka akaenda zake. Nikafikiri, basi huyo naye amechoka.

Jua linakaribia kuzama akarudi na mzigo begani. Duara moja kubwa, ganda lake limekuwa la kahawia kwa kukaa. Yaya aliifahamu, akakataa. Ilikuwa jibini aliyoitunza kwa ajili ya harusi ya mwanawe Cyiza. Sebagabo akasema Cyiza bado hata mchumba hana, na jibini imechoka kumsubiri.

Namchukia mtu huyu. Sijui mtu mwingine anayeweza kufanya jambo hilo na kofia yake ikabaki imenyooka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nyamitanga. Nilibeba makaa, nilibeba maji, nilibeba kila kitu, sikugusa kitu.

Yaya alipanga chuma chake chini ya dirisha la ukumbi. Bawaba ililia na akina mama wakageuka wote. Walimwona mkimbizi mwenye kitambaa cha kanga na viatu vya plastiki. Kisha harufu ikaingia ukumbini, na vikombe vikaanza kusogea.

Kulikuwa na bibi mmoja amekatwa mguu kwa ajili ya sukari. Alikaa nyuma, alishazoea kupitwa. Yaya alimpelekea gofre ya kwanza kwa mkono wake, akachutama mbele yake mpaka amalize. Bibi alilamba vidole kimoja kimoja. Akauliza kama anaruhusiwa nyingine. Akauliza kwa sauti ndogo, kama msichana. Hata wale wasioumwa waliacha keki.

Hakuna aliyeuliza sukari iko wapi. Hakuna hata mmoja.

Mama Georgette akamwomba Yaya aseme neno. Yaya hajasoma zaidi ya darasa la nne na hapendi watu kumkodolea macho. Alisimama, mikono ina samli, akawaeleza jinsi alivyoanguka, jinsi alivyotundika chuma, jinsi alivyodhani kwamba kilichobaki ni kusubiri. Kisha akasema kazi hii ilianzishwa na mdogo wake, ambaye hakuweza kuvumilia kukiona chuma ukutani. Akaninyooshea kidole.

Walinipigia makofi. Nilikuwa nimeyangoja makofi hayo maisha yangu yote, na sikujua pa kutazama. Nilitazama viatu vyangu.

Jumapili, 27 Oktoba

Jambo la ajabu. Sebagabo amekuja na nguo nyeusi, pamoja na kaka yake Yonatani, mzee wa kanisa lao. Hawakukaa kwa Yaya. Walikuja kwangu. Rasmi, kofia mkononi.

Nikajua ni mapishi. Nikawaambia moja kwa moja kwamba gofre ni mali ya ukoo na hatuuzi.

Yonatani alikohoa. Sebagabo akazungusha kofia yake. "Sikukuja hapa juu ya gofre," akasema. "Nimekuja juu ya Perpétue. Weye ndiwe baba yake hapa. Nani mwingine nitamwomba?"

Niliomba maji ya kunywa.

Kumbe! Ile gofre moja ya kila Jumapili. Kile kipande cha kila siku. Na mimi nikimwambia kwamba Yaya anaimba alfajiri! Nyiramana anasema Juru nzima ilijua tangu mwezi wa nne. Kwa nini hakuna aliyeniarifu?

Nikafikiri haraka. Yaya akiolewa, nani atanipikia? Nani atanigombeza? Kukataa siwezi, Yaya alikuwa nyuma ya pazia na miguu yake inaonekana. Basi nikaamua kuwashinda kwa mahari. Nikakaa wima kama baba mtu. Nikasema kwetu hatutaki vitu vingi, tunataka ng'ombe mmoja tu: jike, mweusi pasipo doa, mpole, mwenye maziwa mvua na kiangazi, na akubali kukamuliwa na mtu yeyote. Ng'ombe wa namna hiyo hayupo duniani. Sebagabo akasema amesikia. Wakaondoka.

Pazia halikucheka, lakini lilitikisika.

Alhamisi, 31 Oktoba

Yupo duniani. Amefungwa mlangoni kwangu.

Mweusi kama chungu. Macho ya upole kuliko ya watu wengi ninaowafahamu. Sebagabo alimleta mwenyewe, amempiga mswaki hadi anang'aa, akanikabidhi kamba na kuniita shemeji. Ndiye bora katika zizi lake. Yonatani ameniambia pembeni kwamba ndugu yake angeombwa zizi zima angelileta pia, na kwamba amewahi kumwona akitabasamu peke yake malishoni.

Nimejaribu kukamua. Ng'ombe anakubali mtu yeyote isipokuwa mimi. Alikanyaga mguu wangu na kubaki amesimama hapo, kwa upole.

Yaya alikuja kunitoa. Nikamwuliza kama kweli anamtaka yule mzee. Akasema yule mzee alisikia chuma kiko ukutani akamtafutia chakula, na hakuwahi kumwuliza anaumwa nini mbele za watu. Nyumba hii ataniachia mimi. Kwa Sebagabo si mbali, chakula changu kitakuwepo, ila nitatembea kukifuata. Nesi anasema kutembea ni kuzuri.

Nimepata nyumba. Nilikaa ndani yake peke yangu saa nzima kuijaribu. Ni kubwa mno.

Jumapili, 3 Novemba

Foleni imerudi! Baada ya misa watu walifika hadi kwa Nyiramana. Nesi mwenyewe alikuja kuchaji simu. Yaya anaoka, Sebagabo anapuliza makaa, wote wawili wanazozana kidogo kuhusu mvuke, na wanafurahia. Padri na mchungaji wamekubaliana nani atasali kwanza. Harusi ni Januari.

Nimemtazama Yaya leo kwa muda. Amepungua, amenyooka, anaimba sauti ya juu kabisa ile ya wimbo wa mavuno bila kuishikilia meza. Nimejisemea: Nestor, mwanamke huyu anastahili zawadi ya harusi ambayo haijawahi kutolewa.

Na ninayo. Gofre yake ina upungufu mmoja tu, nao ni utamu. Niliahidi kutotia sukari ndani ya gofre, na ahadi naishika. Lakini juu ya ng'ombe hakuna aliyesema kitu. Ng'ombe akila miwa tu, asubuhi na jioni, maziwa yatakuwa matamu. Maziwa matamu yatatoa jibini tamu. Na sukari yenyewe itakuwa imebaki ndani ya ng'ombe, ambako haimdhuru mtu. Ni hesabu rahisi, nashangaa madaktari hawajaiona.

Nimeficha mzigo wa miwa chini ya kitanda. Ng'ombe ameanza jana, anakula vizuri sana. Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, amenilamba mkono.